Mstari wa Mwisho wa Kitabu

Aliyemletea Rikilda habari alikuwa Berta, mpishi wa watawa. "Mwenzangu, kitabu kimekwisha! Umebaki mstari mmoja tu, na Mama Mkuu anataka jina."

Katika monasteri ile, mstari wa mwisho wa kila kitabu huandikwa jina moja. Kila asomaye, hata baada ya miaka mia, humwombea mwenye jina hilo.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha Kilatini. Rikilda, asiyejua kusoma, aliwahi kuuliza kinasema nini.

"Kinathibitisha kwamba Mungu yupo," alijibu Sista Hema.

"Kurasa zote hizo? Si wangeniuliza mimi!"

Wakacheka. Siku hizo Rikilda alikuwa bado anacheka.

Yeye ndiye aliyetengeneza ngozi za kurasa. Ngozi mbichi haingoji. Ikikauka kabla ya kuwambwa, imeharibika. Alikuwa akiwamba ya mwisho wakati mwanawe Wido, wa miezi saba, alipokata roho kwa homa mikononi mwa jirani.

Sista Hema ndiye aliyeandika. Kitabu cha kunakili waliazimwa siku arobaini tu, za baridi kali. Alimaliza, lakini vidole vyake havitashika kalamu tena. Alitaka jina la kaka yake, aliyenyongwa bila kuungama.

Sista Oda, kipofu, alikihifadhi kitabu hicho moyoni tangu ujana. Waliposoma nakala mbele yake alisema, "Simama. Hapo mstari umerukwa." Bila mstari ule, hoja yote ingeanguka. Yeye alitaka jina lake mwenyewe. "Ninyi mna wa kuwakumbuka. Mimi nikifa, nani atanikumbuka?"

Hema akamgeukia Rikilda, aliyetaka jina la Wido, akauliza kwa upole, "Dada, mtoto wa miezi saba ana dhambi gani ya kuombewa?"

"Sitaki aombewe dhambi. Nataka atajwe."

Mama Mkuu akasema, "Ngozi, mkono na sikio, kimoja kingekosekana, tusingekuwa na kitabu. Kubalianeni kabla ya misa ya kesho, ama mstari ubaki mtupu."

Asubuhi yake Rikilda alimshika Oda mkono, akamwongoza hadi ndani, Hema akiwafuata. Mama Mkuu akachovya kalamu.

"Jina?"

Rikilda akafungua kinywa.

Wino bado mbichi, kalamu inangoja. Je, wewe msikilizaji, ungesema liandikwe jina la nani?