Hodi Iliyosafishwa

Someni mpaka mwisho kabla hamjaituma mbele, maana nawajua: mstari wa kwanza, vikono viwili vya dua, basi.

Palikuwa na Mzee Shomvi, mwenye watoto wawili, Mbaraka na dada yake Mgeni. Mgeni aliolewa na mwanamume ambaye baba hakumridhia. Mzee akaapa mlango wake asiuguse tena. Miaka ikapita, baba na mwana hawasemezani.

Mzee alipougua, Mgeni alimeza aibu yake akaja. Akakuta mlango umefungwa. Akapiga hodi mara tatu kama tulivyofunzwa, kwamba ya tatu isipojibiwa rudi ulikotoka. Kimya. Akarudi analia, akiamini baba amemsikia na kumkataa. Wiki haikuisha, mzee akafariki.

Mazikoni Mbaraka akawatangazia ndugu kwamba dada yake hakukanyaga. Mgeni hakujitetea. Angesema nini? Kwamba alikuja, baba akamnyamazia? Aliona heri aitwe mwana asiye na shukrani kuliko kulitamka hilo.

Sasa, siku ile ya hodi, Mbaraka alikuwa chumbani na simu mkononi, anamrekodi baba akitoa wosia. Hodi alizisikia, zote tatu, akaendelea kushika simu. Video ikatoka na sauti mbovu: feni inavuma, jogoo wa jirani hana adabu, na mzee mwenyewe sauti imebaki kama uzi. Mbaraka akaipeleka kwa Kheri, fundi wa kuhariri video, aisafishe ili ioneshwe siku ya arobaini.

Kheri akavaa hedifoni, akasikiliza. Akamwambia feni itatoka, jogoo atatoka, na sauti ya mzee ataipandisha mpaka isikike vizuri. Lakini pana jambo.

"Kaka, kuna mwanamke anapiga hodi hapa. Na mzee kama anamjibu. Niiache?"

Mbaraka akatazama pembeni. "Hodi si wosia. Itoe. Na ile video ya mwanzo uifute."

Kheri akaitoa hodi peke yake, maneno ya mzee akayaacha, kisha akaifuta video ya mwanzo. Kazi ni kazi, alijisemea, na maneno hayo yameponza wengi.

Arobaini ikafika. Baada ya hitima na pilau, video ikawekwa kwenye runinga kubwa ya sebuleni. Sauti ilikuwa safi, jamani, utadhani mzee amekaa nanyi mkekani. Watu wakamsifu Kheri, naye alikuwepo, wakamsifu na Mbaraka kwa kumuenzi baba. Mgeni alikaa nyuma kabisa, kwa kuwa hakuna aliyempisha mbele.

Mzee akausia sala, akausia udugu. Kisha akanyamaza. Akageuza uso kuelekea mlangoni, na kwa maneno ambayo hata Mbaraka hakuwahi kuyasikia, maana feni ilikuwa imeyameza, akasema:

"Karibu, Mgeni. Nimekungoja sana."

Mbaraka alishtuka, lakini ulimi wake haukuchelewa.

"Mnaona? Alikuwa anamkaribisha malaika."

Akina mama wakaangua kilio. Mgeni gani mwingine, wakati huyo mwenye jina wote walishaambiwa hakuja?

Mgeni akasimama. Akamuuliza fundi, "Kabla baba hajasema karibu, palikuwa na nini?"

Kheri akamtazama Mbaraka, kisha akatazama chini. "Palikuwa na kelele, dada. Nilizitoa."

"Kelele hizo zilikuwa mimi."

Shangazi yake akamvuta kanga, akamwambia akae, asiharibu shughuli ya marehemu kwa kutafuta kujisafisha. Mgeni hakukaa. Alitoka nje, akasimama mbele ya mlango uleule aliopiga hodi, akalia kwa uchungu. Baba alikuwa amemsamehe, alimngoja, alimwitikia. Na watu wawili waliokuwa wakiujua ukweli huo walikuwa ndani, wanapokea pongezi.

Video hiyo inazunguka mpaka leo kwenye magrupu, imeandikwa "Mzee akimpokea malaika." Labda na wewe uliletewa, ukaitikia amina.

Funzo: Aliyekataa kukufungulia mlango ataiita hodi yako kelele, na hatakosa fundi wa kumsaidia kuifuta.