Taka za Msitu wa Nyati

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakilima na kuzikana kama sisi, bahari ilivuka ukingo ikaingia mashambani. Maji yalipotoka, chumvi ikabaki.

Bi Sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, alipanda mtama. Ukachipua, ukanyauka. Akapanda tena. Ukanyauka tena. Njaa ikamchukua kitinda mimba wake. Alimzika, akakaa kando ya kaburi mpaka mwanawe aliyebaki alipomwuliza, "Mama, na mimi?"

"Wewe, la!" akasema Sange, akainuka.

Ufukweni palikuwa na msitu wa Nyati. Nao uliingiwa na maji yale yale, lakini ulikuwa kijani kibichi! Sange akapenya chini ya vichaka, akafukua, kwachu kwachu! Akaona mizizi imezungukwa na nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko unywele. Zilikuwa nyuzi za uyoga. Akazifuata kwa pua. Zilienda mbali, zikiitafutia mizizi maji pale isipofika yenyewe.

"Nani huyo?" Nyati akanguruma. "Hakitoki kitu humu, hata jani!"

Moyo wa Sange ukadunda, du! du! Alijua akiomba atanyimwa.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa. Nimekuja kukupa pole. Msitu wako umeota ukungu. Tazama!"

Nyati akainama. "Lo! Uchafu gani huu?"

"Niruhusu niuondoe hapa mlangoni, wageni wasiuone."

"Uondoe! Upesi!"

Na kwa kuwa kikapu cha Sange kilikuwa kidogo, Nyati mwenyewe akabeba gunia la udongo wenye nyuzi zile mpaka shambani kwa Sange, akalibwaga, puu!

Sange akatia udongo ule katika kila shimo pamoja na mbegu. Nyuzi zikaishika mizizi, zikaipa maji, zikapunguza chumvi iliyopanda majanini. Mtama haukurefuka sana, lakini ulizaa.

Siku moja Nyati akapita, akasimama. "Sange! Mtama wangu umekufa wote. Wewe umepata wapi dawa?"

"Ni taka zile, Bwana."

Nyati akainamisha pembe. "Umenidanganya!"

"Nimekudanganya. Mwanangu yule pale, chini ya udongo. Ningekuomba, ungenipa?"

Nyati akalitazama lile kaburi dogo. Pembe zikainuka polepole.

"Nionyeshe unavyopanda," akasema kwa sauti ya chini.

Sange akampa jembe.

Wanangu, asiyejua thamani ya alichonacho hukitupa kwa mikono yake mwenyewe.