Baraza Lililoacha Ngoma Nyumbani

Paukwa!

Pakawa!

Na wakubwa nao waitike. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, wanyama wa nyika walikuwa na Baraza lao. Kila ukoo ulimtuma mmoja kuusemea. Spika alikuwa Mama Tembo. Tembo akisema "Kimya!" hata nyenje hunyamaza.

Nyika ilikuwa na msiba. Watoto walikuwa wakipotea. Mbweha alipita vichakani akiimba kwa sauti tamu:

"Ng'ambo kuna chumvi, ng'ambo kuna neema,
mwana wa nani huyu atakayebaki nyuma?"

Watoto wakamfuata. Wakavuka mto. Ng'ambo hakukuwa na chumvi. Kulikuwa na Fisi. Fisi waliwabebesha watoto mifupa mchana kutwa, na Mbweha akapewa nyama.

Baraza likakaa, likaamua. Likaweka walinzi kivukoni. Mkubwa wao akawa Mbuni, kwa kuwa ana shingo ndefu ya kuona mbali. Wakapewa mtama wa kula. Na Baraza likawa linakwenda kukagua. Mbele alitangulia ndege Kigogota, mpiga ngoma: ko-ko-ko! ko-ko-ko! Wajumbe wakifika, wanawakuta walinzi wamesimama wima, manyoya yanang'aa.

"Watoto wako salama?" Tembo huuliza.

"Salama salimini, Mheshimiwa!"

Wajumbe hupiga makofi, hurudi nyumbani. Na watoto wakazidi kupotea.

Mjumbe wa vichaka alikuwa Digidigi. Digidigi hutembea wawili wawili, mume na mke. Huyu alitembea peke yake, kwa kuwa mkewe alikuwa amefariki. Alibaki na binti mmoja, Tunu. Asubuhi moja akaamka, Tunu hayupo. Nyayo zake zilifuata nyayo za Mbweha.

Digidigi akakimbia barazani. Hakulia. Alisema, "Mheshimiwa Spika, mwanangu amechukuliwa. Jua halijapanda, bado hawajavuka. Twendeni."

"Pole sana, baba," akasema Tembo. "Kigogota! Piga ngoma, tunakwenda."

"Hapana, Mheshimiwa. Ngoma ibaki."

Baraza likacheka. Ngiri akasema, "Msikieni huyu! Hata nyasi zinamzidi kimo, anataka kututembeza kama wezi!"

"Nyasi zikinizidi, hunificha, Bwana Ngiri. Kichaka changu kiko karibu na kivuko. Walinzi nawaona siku ya ngoma tu. Wakiisikia, hukimbia kwenda kusimama. Ikinyamaza, hurudi kulala. Mbweha naye ana masikio. Ngoma yetu humwambia ajifiche. Kimya chetu humwambia avuke."

"Mbona hukusema mapema?"

"Nilisema. Mlikuwa mnapiga makofi."

Tembo akainuka. "Kigogota, kaa hapa na ngoma yako. Ngiri, twende, na tumbo lako lifunge mdomo."

Wakaenda. Tembo alinyata, taratibu, taratibu. Twiga aliinamisha shingo. Ngiri alibana pumzi. Wakafika kivukoni. Mlinzi aliyesimama hata mmoja hakuna! Mbuni amelala kivulini, kho-o-o, kho-o-o, punje za mtama mdomoni. Na mtoni, Mbweha mbele, watoto nyuma, maji yameshawafika magotini.

Tembo akaingia majini, chubwi! Akaziba kivuko chote.

"Habari za asubuhi, Bwana Mbweha. Watoto hawa unawapeleka wapi?"

"Shule, Mheshimiwa."

"Mwalimu wao nani?"

Mbweha akageuka akimbie, akakutana na Ngiri na meno yake yaliyopinda.

"Karibu," akasema Ngiri. "Shule ni huku."

Digidigi alisimama ukingoni. Ndama wa nyati na wana wa pundamilia walikuwa warefu, hakuona kitu. Akaita, "Zik-zik!"

Kutoka katikati ya miguu ile, sauti ikajibu, "Zik-zik!" Sauti ile ile ya mama yake. Digidigi akasogea hadi majini. Kisha akaita tena, na Tunu akatoka.

"Baba, nilitaka kukuletea chumvi."

"Chumvi ipo nyumbani, mama. Twende."

Kelele zikamwamsha Mbuni. Akaruka, akakung'uta manyoya. "Waheshimiwa! Mbona hamkutoa taarifa? Ngoma iko wapi?"

Baraza zima likamtazama. Hapakuwa na haja ya kumuuliza swali jingine.

Mbuni alisimamishwa mbele ya wazazi, akajibu, akavuliwa ulinzi. Mbweha akafungwa. Baraza likaweka sheria: ukaguzi usipigiwe ngoma, na wazazi wasikilizwe kabla ya walinzi. Nyati na jamaa zake wakavuka mto kuwatafuta waliotangulia. Wengi walirudi. Wengine bado wanatafutwa, na kila Baraza linapokaa, majina yao hutajwa kabla ya neno lolote.

Tangu siku hiyo wanyama wa nyika walitembea vichwa juu. Mgeni akiuliza, "Baraza lenu lina nini hata mnajivuna hivi?" walimjibu, "Lina macho."

Basi jueni, wadogo na wakubwa: anayetoa mtama asiende kutazama, amelisha usingizi. Aliyekabidhiwa watoto aulizwe, na anayeuliza aende akaone mwenyewe.

Ngano yangu imekomea hapo. Nanyi, kabla hamjatawanyika, kila mtu amwite mwanawe kwa jina, angoje aitike.