Lori la Mgaya na Salamu za Mama Mkwe

Soma hii kabla hujawasha chochote asubuhi ya leo.

Huko Njombe, ambako baridi ya Juni huwatoa watu machozi, aliishi dereva aitwaye Mgaya. Alikuwa na lori bovu la kubeba viazi, na haraka ya watu kumi. Kila alfajiri lori liligoma kuwaka, na kila alfajiri majirani walitoka wamejifunika mablanketi, wakalisukuma hadi kwenye mteremko.

Siku moja shule ya bweni aliyoipelekea viazi ikamwonya: akichelewa tena, kazi anapewa mwingine. Mgaya akamwita fundi Kilasi.

"Rilei imekufa," akasema Kilasi. "Hii ndiyo inayopeleka umeme kwenye plagi za kupasha injini joto."

Akafungua ile ya zamani, akafunga mpya, akakaza nyaya. Mchana ule wa jua lori likawaka mara moja.

"Sasa nikueleze namna ya kuwasha asubuhi..."

"Nimeelewa, fundi!" Mgaya alikuwa ameshaondoka, akiwatangazia majirani kwamba kazi ya kusukuma imekwisha.

Asubuhi akazungusha ufunguo. Lori likakohoa, likanyamaza. Akarudia, wapi! Majirani nao walikuwa wamelala fofofo, si walishaambiwa!

Akaenda kumgongea Kilasi kwa hasira. "Umenifungia rilei mbovu! Nikikosa kazi leo, nahamia kwako na familia yangu!"

Kilasi akaja akipiga miayo. "Hebu washa nione."

Mgaya akapanda, akazungusha ufunguo nusu, taa ndogo ya njano ikawaka mbele yake. Kabla hajamalizia, mama mkwe wake akatokea kwenye dirisha la lori, jembe begani. Haraka ni haraka, lakini mama mkwe hapitwi. Akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mmeamkaje?"

"Salama, mama."

"Na wajukuu zangu?"

"Wazima kabisa."

"Na yule ndama aliyeumia mguu?"

"Siku hizi anaruka, mama."

Ile taa ya njano ikazimika. Mgaya akamalizia kuzungusha ufunguo. Lori likanguruma!

"Mama, una dawa gani?" akapiga kelele kwa furaha.

Kilasi alicheka mpaka akashikilia tairi. "Mama hana dawa. Leo umesubiri, basi! Plagi zinataka muda kidogo zipate moto, mpaka hiyo taa izime. Wewe ulikuwa unazikurupusha."

Mgaya aliona aibu, akamwomba fundi radhi palepale. Viazi vilifika shuleni mapema, na kazi ikabaki yake.

Tangu hapo, kila asubuhi huzungusha ufunguo nusu, kisha humsalimia yeyote anayepita, na hata hali ya ng'ombe wake huiulizia. Mama mkwe huwaringishia wenzake kwamba mkwewe amepata adabu ukubwani. Mgaya hajathubutu kumwambia kwamba anasubiri tu taa izime.

Funzo: Kabla hujasema kitu ni kibovu au mtu hafai, jiulize kama ulikipa au ulimpa nafasi ya kupata joto. Ukimjua mwenye haraka kama Mgaya, mfikishie na yeye kisa hiki, ila msalimie kwanza.