Mizigo Yote Ilifika

Zamani za mababu zetu alikuwapo Mzungu mmoja aliyeambiwa kwamba ndani ya msitu mkubwa, kule ambako jua halifiki chini, umejificha mji wa mawe uliosahaulika, wenye kuta na ngazi na jumba la mfalme. Akakosa usingizi kwa ajili ya mji ule. Akakodi wapagazi, akaweka mnyapara wa kuwasimamia, wakaingia msituni.

Huyu bwana hakuwa katili, naomba mlishike hilo. Kila asubuhi aliwasomea sala. Lakini alikuwa na sheria moja ya safari: pagazi akiugua, mzigo wake wagawane wenzake, na yeye aachwe penye moto na maji.

"Machela inakula watu wanne," alisema. "Mkimbeba mtu, nani atabeba mizigo? Tukiupata mji tutarudi kumchukua."

Mnadhani walirudi?

Wa kwanza akaachwa. Wa pili naye akaachwa. Kisha homa ikampata pagazi aliyemwoa dada yake mnyapara. Mnyapara akapiga magoti amfungue kamba za mzigo, na mgonjwa akamshika mkono.

"Shemeji, dada yako utamwambia nini?"

Mnyapara akamtazama bwana. Bwana akatazama mbele, kwenye miti. Basi wakagawana: darubini kwa huyu, turubai kwa yule, makopo ya biskuti kwa mwingine. Hata sindano haikuachwa chini. Kilichoachwa ni mtu, naye aliwaita kwa majina yao mpaka wakawa mbali wasimsikie tena.

Na mji je? Hawakuuona. Waliona matope na ruba, na nyuma ya miti, miti mingine. Halafu siku moja, wakivuka kijito, bwana mwenyewe akateleza kwenye jiwe, mguu ukavunjika, mfupa ukatokeza nje.

"Tengenezeni machela," akasema, meno yakigongana. "Tunarudi nyumbani."

Mnyapara akawasha moto. Akaweka kibuyu cha maji karibu na mkono wa bwana. Kisha akaanza kuwagawia watu masanduku yake.

"Unafanya nini? Mimi ni bwana wako!"

"Machela inakula watu wanne, bwana," mnyapara akajibu, wala hakupandisha sauti. "Usiwe na wasiwasi. Mizigo yako yote itafika."

Na ilifika! Ilifika yote kule misheni walikoanzia safari, mikavu, bila mkwaruzo, na watu wakausifu uaminifu wa wapagazi wale.

Naona wengine mnatabasamu. Mnasema moyoni, amekoma. Acheni! Mnyapara yule si mtu wa kushangiliwa. Aliifuata sheria ile mara ya kwanza, ikamuuma. Akaifuata tena na tena, mpaka haikumuuma. Dada yake alipomuuliza, "Mume wangu yuko wapi?" alimjibu habari za mizigo.

Sasa sisi. Mama Yunisi alifagia kanisa hili na kuimba sauti ya pili wengi wenu mkiwa bado hamjabatizwa. Alipoanguka kwa kiharusi tulifanya kikao, tena kikao kizuri, tukakifunga kwa sala. Ufagio tukampa mtu. Sauti ya pili akapewa mwingine. Funguo akachukua mzee wa kanisa. Tazameni sakafu hii inavyong'aa! Kwaya imepungukiwa na nini? Haikupungukiwa na kitu. Mzigo wake wote umefika, ndugu zangu, na yeye tumemwacha wapi? Anayemgeuza kitandani ni jirani yake, ambaye hata si wa dini yetu.

Tunasema, ngoja kwanza tumalize paa la kanisa, halafu tutakwenda kumwona. Huo ndio mji wetu wa mawe. Mnadhani Mungu atatuuliza habari za paa? Inaniuma kusema haya nikiwa nimesimama juu ya sakafu aliyoisugua yeye kwa magoti.

Kwa hiyo leo baraka ya mwisho sitaitoa hapa. Nitaitoa mlangoni kwa Mama Yunisi. Vitabu vya nyimbo viacheni kwenye viti, na vyombo vya kwaya viacheni pia. Anayeitaka baraka, anifuate.