Masinia ya Ijumaa

Hapo zamani, Sultani Ghalib wa Tumbeli alikuwa na rafiki aliyempenda kuliko ndugu zake wa tumbo moja, naye ni Mfalme wa Ng'ambo. Hawakuwa na dini moja wala lugha moja, lakini Mfalme alipenda lulu za Sultani na Sultani alipenda bunduki za Mfalme, ikawa mapenzi hayo hayana kasoro. Kila mwaka walitia saini mkataba wa kuwatokomeza Wakazaji, na kila mwaka Wakazaji wakaongezeka.

Hao Wakazaji walikuwa watu mia nne wenye silaha, wamejikalia kwenye magofu nje ya mji, wakidai kuwa wao peke yao ndio Waislamu. Walivunja ngoma za arusi, wakachoma msikiti wa wasoma maulidi, na imamu wake wakamchinja. Watu wa mji walikuwa wakiswali swala zao tano kama walivyofundishwa na wazazi wao, na kila walipotoka msikitini waliwatazamia Wakazaji njiani kwa hofu.

Basi mwaka huo Balozi wa Mfalme akamwambia Sultani, "Mfalme wangu anauliza, watu hawa wanakula nini? Bila shaka yuko anayewalisha. Ijumaa anyongwe mbele yangu, nipate la kumwandikia."

Sultani akatoa amri, na askari, ambao hawakuwa na hamu yoyote ya kwenda magofuni, wakaenda sokoni. Wakamkamata Mwanakheri, mjane muuza mikate ya kumimina, kwa kuwa Mkazaji mmoja alionekana akinunua kwake mikate miwili.

Huyo Mwanakheri alikuwa na mdogo wake, Msellem, fundi wa kupaka bati masinia ya shaba, fukara wa kutupwa, mwenye kanzu moja na maneno mengi. Habari zilipomfikia aliiacha kazi yake pale pale, kwani dada huyo ndiye aliyemlea. Akajikaza, akaenda barazani.

"Ewe Sultani," akasema, "dada yangu ana sufuria moja. Mikate yake haiwatoshi watu mia nne hata kwa kunusa."

Balozi akatabasamu, na Sultani alipoliona tabasamu lile akazidi kukasirika. Akamtupia Msellem kamba.

"Basi wewe mjuzi wa vyakula, chukua kamba hii. Mfikishie anayewalisha, hapa hapa mbele ya Balozi, kabla ya swala ya Ijumaa. Ukishindwa, itakutosha wewe na dada yako."

Watu wa barazani wakatazamana, kwa maana hawakumjua hata mmoja aliyekwenda magofuni akarudi.

Msellem akampakia punda nyundo, mvukuto na bati, akashika njia ya magofuni akinadi kazi yake kwa sauti. Wakazaji wakamzunguka na majambia. Akawaambia, "Masheikh zangu, sinia la shaba lililotoka bati hutia sumu chakulani. Nikateni kichwa mkitaka, lakini atakayewapakia masinia yenu ni nani?" Wakazaji walikuwa wameharamisha ngoma, marashi na kicheko, ila chakula cha mchana walikuwa hawajakiharamisha. Wakamletea masinia.

Msellem akalipindua la kwanza. Ukingoni palikuwa na mapigo matatu ya nyundo, alama ambayo yeye hukitia kila chombo akimalizapo. Masinia yale aliyapaka mwenyewe jikoni kwa Sultani, mwaka wa arusi ya mwanawe. Akainua macho, akaona masanduku ya baruti yamepangwa ukutani, kila moja na muhuri wa Mfalme wa Ng'ambo.

"Masinia haya yanataka moto mkubwa wa mjini," akasema, akiyakusanya. "Nami naomba kifuniko kimoja cha sanduku, yasimchubue punda." Wakampa, wakamhimiza asichelewe, kwa kuwa chakula chao huja Ijumaa.

Ijumaa asubuhi Mwanakheri alikuwa amesimamishwa chini ya mti wa kunyongea, mikono imefungwa, akimtafuta mdogo wake kwa macho. Msellem akapita katikati ya watu, akaweka mbele ya Sultani sinia lililofunikwa kawa.

"Ewe Sultani, ada ya mji wetu waijua. Jirani akikuletea chakula, chombo chake humrudishii kitupu. Hili ni sinia lako, alama ya nyundo yangu hii hapa, nami nimelitoa magofuni kwa Wakazaji. Sikuwa na cha kutia ila kile ulichonipa." Akafunua kawa. Ndani mlikuwa na kamba.

Sultani akababaika. "Ile ni sadaka tu. Waliniahidi dua, na kwamba hawatavuka kuja upande wa jumba langu."

Balozi akacheka mpaka miwani ikamwanguka.

"Kwa hisani yako, Bwana Balozi," akasema Msellem, akamwekea sinia la pili. "Kamba ilikuwa moja na walishaji nimewakuta wawili, mmoja analisha matumbo na mmoja analisha bunduki. Imenibidi niikate." Humo mlikuwa na kifuniko cha sanduku chenye muhuri wa Mfalme, na juu yake nusu ya pili ya kamba.

Balozi akaokota miwani yake taratibu. "Baruti hiyo tuliwapa zamani," akasema, "walipokuwa wakipigana na adui zetu. Zamani hizo walikuwa watu wazuri."

Sasa Sultani ndiye aliyecheka, kwa raha ya mtu aliyepata mwenzake. Akaamuru Mwanakheri afunguliwe, kisha akasema, "Msellem, omba utakacho."

"Naomba vipande viwili vya kamba."

"Vya nini?"

"Nivitunze, ewe Sultani. Wenyewe nimeshawajua."

Jioni ile mkataba mpya ukatiwa saini, na Mfalme, kwa ajili ya urafiki, akaleta zawadi ya masinia mia mbili mapya, laini, yasiyo na alama ya nyundo ya mtu yeyote. Ijumaa moja wapagazi wakayapitisha njia ya magofuni, yamefunikwa vizuri. Langoni mwa mji wakamkuta Msellem amekaa na dada yake, wanakula mkate. Kila sinia lililopita akaligonga ukingoni kwa nyundo yake mara tatu, bila kudai ujira.

Sultani akapelekewa habari, akaagiza Msellem akamatwe akanyongwe. Kisha akakumbuka vile vipande viwili vya kamba viko kwa nani, na wenyewe ni akina nani, akaagiza aachwe.