Fomu ya Mzee Qiu

Hii nimetumiwa asubuhi, nimeisoma mara tatu na mwili bado unanisisimka. Kama unamuuguza mtu, isome bila haraka, kisha mpe na mwenzako.

Katika mji mmoja huko China aliishi Mzee Qiu, fundi redio mstaafu, pamoja na binti yake Lanfen. Mzee akaanza kukonda. Majibu ya vipimo yalipotoka, daktari alimwita binti pembeni: ni saratani ya tumbo, na imeshasambaa.

Kule kwao familia nyingi humficha mgonjwa jina la ugonjwa huu, wakiamini hofu itamuua kwanza. Lanfen akamwambia, "Ni vidonda vya tumbo tu, Baba. Utapona."

Miezi minne aliulinda uongo huo kama mboni ya jicho. Alibandua karatasi kwenye chupa za dawa. Aliwaonya majirani kabla hawajaingia wodini. Akawa hali wala halali, lakini mbele ya baba yake ni tabasamu tu. Siku moja alianguka koridoni, na alipozinduka aliuliza, "Baba hajajua?"

Hospitali ilikuwa na fomu ya kuwauliza wagonjwa wa saratani wanahitaji msaada gani. Nesi Hong hakuthubutu kumpa mzee, maana jina la ugonjwa lilikuwa juu kabisa. Lanfen ndiye aliyemjazia: "Hahitaji kitu, ila asijue."

Siku hiyohiyo, Lanfen akiwa amekwenda kuchukua dawa, mzee akamwita nesi.

"Dada, ile fomu ya sisi wenye saratani, mbona mimi sijapewa?"

Nesi nusura adondoshe trei. Akamletea. Mzee akaijaza mwenyewe:

"Maumivu: mgongo wa binti yangu. Analala kwenye kiti.

Chakula: apatikane mtu wa kumkalisha chini ale.

Hofu: anaogopa peke yake. Mtafutieni wa kuongea naye."

Jamani! Kuhusu yeye mwenyewe hakuandika hata neno moja.

"Mpe Lanfen aisome," alimwambia nesi. "Nikianza kumwambia mimi, nitalia kabla yake."

Lanfen aliisoma akiwa amesimama mlangoni. Akaingia.

"Baba, umejua tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kucheka kabla sijamaliza mzaha."

"Na ukanyamaza?"

"Nilikuona umeushikilia uongo huo ili usianguke, mwanangu. Ningekunyang'anyaje?"

Lanfen akalia kwa sauti, mara ya kwanza katika miezi yote ile. Alilia mpaka akachoka, akalaza kichwa pembeni ya kitanda, na usingizi ukampitia mchana kweupe.

Baadaye majirani wakaingia wakizungumza. Mzee Qiu, ambaye hata kikombe kilikuwa kimeshamshinda kuinua, aliinua mkono kuwanyamazisha.

"Taratibu," alinong'ona. "Nina mgonjwa hapa."

Funzo: Anayeuguza naye anaumia. Ukienda kumwona mgonjwa, muulize pia aliyekaa kando ya kitanda kama amekula na kama amelala.